Ukianza kusoma kaburi la Khải Định: shika kipande kabla ya mtindo

Wanafunzi wengi wakifika Huế, katikati ya Vietnam, huanza kubishana kama kaburi la mfalme Khải Định ni la Kivietinamu au la Kizungu. Liache kwanza swali hilo. Anza na vitu vilivyotumika na namna vilivyoshikanishwa. Habari ya mtindo itajileta yenyewe.

Ujenzi ulianza 1920 mfalme akiwa hai, ukaisha 1931 chini ya mwanawe Bảo Đại, miaka sita baada ya kifo cha baba. Simiti na chuma viliagizwa Ufaransa, kaure na vioo vya rangi vikatoka China na Japani. Wananchi waliongezewa kodi ili vilipiwe. Ukiusifu uzuri wa mahali hapa bila kulitaja hilo, kazi yako ina pengo.

Kutoka barabarani hadi jumba la juu, Thiên Định, kuna vidato 127. Panda taratibu. Majoka yaliyolala pembeni mwa ngazi ni ya zege. Hesabu kucha zao, kwa kuwa kucha tano ni alama ya mfalme. Katika uwanja wa heshima, penye maofisa, askari, farasi na tembo wa mawe, kumbuka kaburi la Minh Mạng, mfalme aliyemtangulia, lililojengwa 1840 hadi 1843. Kule mambo yametandazwa kati ya maziwa na miti. Hapa yamebanwa mlimani, moja juu ya jingine.

Nje kuta zimekuwa nyeusi kwa mvua na kuvu. Ndani ya jumba kumejaa rangi za mozaiki, yaani vipande vya kaure na vioo vilivyopachikwa ukutani, na ndiko kwenye somo.

Sogelea ukuta hadi uone ukingo wa kipande kimoja. Mchoro huhamishiwa ukutani, umbo likainuliwa kwa lipu, kisha vipande hukandamizwa lipu ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana fundi hupaka eneo dogo tu kwa wakati mmoja: lipu ikianza kukauka, kipande hukaa juujuu na baadaye huanguka. Kaure hukatwa kwa koleo kutoka pembeni, kidogo kidogo. Ukiibana katikati, hupasuka inapotaka yenyewe. Mviringo wa bakuli hautupwi, kwani ubavu wake huwa gamba la joka au petali iliyokwisha kupinda. Vaa miwani unapojaribu, vigae vya kaure huruka.

Mwavuli ulio juu ya sanamu ya mfalme ndio mtihani wa jicho. Unaonekana kama kitambaa kilichoning'inia, kumbe ni zege lenye nondo, uzito wake karibu tani moja, lililofunikwa mozaiki. Sanamu ni ya shaba iliyopakwa dhahabu, ilisubiwa Paris, na mfalme amezikwa chini yake. Dari lenye majoka tisa mawinguni usiliandike kuwa mozaiki: ni mchoro wa rangi wa Phan Văn Tánh. Kosa hili hurudiwa sana.

Anayetoka pwani yetu ana faida. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui nayo yalipambwa kwa kaure ya China, ila kule bakuli lilipachikwa zima. Ukilinganisha, linganisha hapo: chombo kizima kinabaki chombo, kilichovunjwa kinakuwa rangi ya kuchorea.

Kuhusu uharibifu, tafuta maji kwanza. Yakipenya kwenye zege, nondo hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege hupasuka na kusukuma mozaiki nje. Ufa mrefu ulionyooka mara nyingi unafuata nondo. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole, kwa idhini ya wasimamizi: sauti ya uwazi maana yake lipu imeachana na ukuta. Usikimbilie kuziba kwa simiti ngumu juu ya lipu laini, kwa sababu unyevu utatafuta njia kwingine na kubomoa palipokuwa pazima.

Unapopiga picha, zima mwanga wa kamera. Vioo huurudisha na kuacha doa jeupe. Weka taa upande mmoja, chini, ili kila kipande kitoe kivuli chake, na rula ionekane ndani ya picha. Kipande kilichoanguka kitiwe kwenye mfuko wake, ukiandika juu yake ukuta kilipotoka na kimo kutoka sakafuni. Mfuko mmoja wenye vipande vya kuta mbili hauna tena matumizi.