Swali la lugha: Picha za nebula, nimezirundika au nimezilimbikiza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, siku hizi naishi Mombasa. Nina darubini ndogo na kamera. Januari niliwatumia marafiki picha ya nebula, wingu la gesi na vumbi angani, nikaandika chini yake: "Nimechukua picha ya nebula ya Jabari kwa darubini ya uani chini ya anga angavu, kisha nikazirundika picha 120." Rafiki yangu wa Tanga alicheka mpaka machozi yakamtoka, wala hakuniambia kwa nini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Huyo wa Tanga nadhani alianza kucheka kwenye "uani". Uani ni nyuma ya nyumba, kwenye jiko la mkaa na kamba za nguo. Lakini kwa watu wa pwani, anayesema "naenda uani" mara nyingi anasitiri tu, anakwenda chooni. Sasa wewe umemtajia "darubini ya uani", kana kwamba ni aina ya darubini iliyotengenezwa kwa kazi za huko. Ungesema "nikiwa uani kwangu" asingepata la kucheka, au angetabasamu tu.

"Kuchukua picha" sitakaa nalo sana. Picha hupigwa, kama inavyopigwa pasi, simu, deki na mswaki. Kuchukua picha ni kwenda studio na risiti yako ukabidhiwe zile za pasipoti ulizopiga jana.

Palipoharibika maana hasa ni "anga angavu". Wewe ulitaka kulalamika, msomaji akakusikia unajisifu. Kitu angavu ni kile ambacho jicho linapenya: maji angavu unaona kokoto zilizo chini, kioo angavu unaona ng'ambo. Kwa hiyo anga angavu ni lile lisilo na wingu wala vumbi, ambalo nyota zake zimemwagika kama chumvi. Nawe ulikuwa katikati ya taa za barabarani na za baa, na juu kumetanda weupe uliomeza Njia Nyeupe yote. Sema "anga lililofifishwa na taa", au useme wazi, "huku taa za mji zikiwaka".

Najua mtu atakuletea "uchafuzi wa mwanga". Silipendi. Katika uchafuzi wa hewa kinachochafuliwa ni hewa, na katika uchafuzi wa maji ni maji. Kwa mfuatano huo, uchafuzi wa mwanga ungekuwa mwanga ndio uliotiwa uchafu, ilhali hapa mwanga ndio mchafuzi. Nikiambiwa "uchafuzi wa kelele" umeshapita na watu wanaelewana, sina la kujibu, ila mimi naandika "uchafuzi wa anga kwa taa". Tena neno mwanga lina pacha wake wa kuogopwa. Mwanga, mianga, ni nuru. Mwanga, wanga, ni mchawi atokaye usiku kuwaroga watu. Mtu aliye peke yake uani saa nane za usiku, ameinamia bomba jeupe lililoelekezwa mbinguni, asishangae jirani akichanganya ngeli.

Nebula iache ilivyo: nebula ya, nebula za. Kwa Kilatini ni ukungu, na kwa mara ya kwanza unaweza kumfafanulia msomaji kwamba ni wingu la gesi na vumbi. "Wingu la nyota" linapotosha, maana mtu atadhani ni nyota zilizosongamana kama Kilimia. Jabari, yaani kundi la nyota la Orion, nalo ni zuri, tulilipata kwa Waarabu, ambao jitu hilo la nyota huliita al-Jabbar. Darubini imetoka Uajemi: *dur* ni mbali, *bin* ni kuona.

Sasa "nikazirundika". Kurundika ni kutupia kimoja juu ya kingine bila mpango: nguo chafu kwenye beseni, takataka jaani. Wewe hukufanya hivyo. Programu yako ilizilinganisha picha zote 120 mpaka kila nyota ikaikalia nyota mwenzake, ndipo ikazijumlisha. Na hapo Kiswahili kina neno ambalo sijaona lugha ya mafundi wa picha ikilitumia.

Kiangazi kikikaza, kisima cha kuchimba mchangani hakina maji ya kuteka ndoo nzima. Unachota kata moja, unakaa pembeni, unangoja yachuruzike tena, unachota nyingine. Kungoja huko ndiko kulimbika maji. Ndipo tukapata kulimbikiza, yaani kuweka kidogo kidogo hadi kiwe kingi, na malimbikizo, neno ambalo mwalimu wa Tanzania aliyewahi kudai mishahara ya nyuma hahitaji kufafanuliwa.

Nuru ya nebula ya Jabari imetembea takriban miaka 1,350 kabla ya kuingia kwenye bomba lako, na inaingia kama maji ya kisima hicho. Ukiiacha kamera wazi sekunde 30, unapata zaidi weupe wa taa za mtaa, na juu yake chenga, zile zile tunazozisema kwenye televisheni yenye antena mbovu. Picha 120 za namna hiyo ni saa nzima ya kulimbika. Nebula iko palepale katika kila picha, hivyo inajumlishika mara 120. Chenga zinaangukia ovyo, leo huku kesho kule, kwa hiyo zinakua kwa kipeuo cha pili cha 120 tu, yaani karibu mara 11. Tofauti ya hizo mbili ndiyo picha uliyowatumia rafiki zako. Weupe wa taa haufi kwa njia hii, kwa kuwa nao hukaa palepale. Huo utautoa baadaye kwenye kompyuta, au uweke chujio (ndiyo, neno lile lile la chai na tui) linalopitisha wekundu wa haidrojeni, karibu nanomita 656, na kuzuia manjano ya taa za sodiamu, karibu nanomita 589.

Henry Draper, daktari wa Marekani aliyekuwa wa kwanza kuipiga picha nebula hii, usiku wa 30 Septemba 1880, aliliacha bamba lake la kupigia picha wazi dakika 51. Naye alilimbika, ila kwa kata moja ndefu.

Basi nuru unailimbika, picha unazilimbikiza, na kinachotoka ni limbikizo. Ningekuwa wewe ningeandika: "Nimeipiga picha nebula ya Jabari kwa darubini yangu nikiwa uani, taa za mji zikiwaka, kisha nikazilimbikiza picha 120." Mtumie tena yule wa Tanga. Akicheka, muulize kwao wanalimbikaje maji.