Bili ya stima ya saluni msimu wa baridi

Dadangu, umesema bili imeruka tangu Juni na ukaanza kuzima balbu, wacha hizo, LED ya wati 10 inachukua masaa 100 kumaliza yuniti moja (yaani kilowati moja ikiwaka saa nzima). Mwizi wako ni maji moto. Shawa ya instanti, ile inapasha maji yakipita, inakula karibu kilowati 5, yaani ikiwaka saa nzima ni yuniti 5 zimeenda, na baridi ya Nairobi ya Julai inafanya maji yatoke kwa bomba yakiwa barafu so inakaa on zaidi. Chemsha kwa gesi asubuhi, weka kwa thamosi kubwa, uchanganye ukiosha kichwa. Kausha nywele na taulo kwanza kabla ya draya. Na hita ya miguu ya cashier, eish, mnunulie soksi.