Kabla ya ndoo nne za taka, tuulize nani atazibeba

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: familia ya kawaida inaweza kufanya mambo gani mepesi nyumbani ili isiyaumize sana mazingira? Jibu langu ni hili: ianze na yale yasiyomwongezea kazi yule ambaye tayari ndiye anayepika, anayefua na anayefagia.

Nasema hivyo kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa juu ya jambo hili ni orodha ya kazi. Osheni chupa. Tengeni taka katika ndoo nne. Tengenezeni sabuni wenyewe. Chomoeni kila kitu ukutani kabla ya kulala. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo, ila azimio hupitishwa na watu wote mezani na utekelezaji ukamwangukia mmoja. Majuma machache yakipita mtu huyo anachoka, ndoo nne zinarudi kuwa moja, na nyumba nzima inakubaliana kwamba mambo ya mazingira ni ya watu wenye nafasi. Tukiuita uvivu tutakuwa tumemwonea. Kazi iligawanywa vibaya tangu mwanzo.

Basi tuanze na yanayofanywa mara moja yakasahaulika. Balbu ya zamani yenye waya ndani hupoteza takriban asilimia 90 ya umeme wake kwa kutoa joto, nasi tulitaka mwanga. Balbu ya LED ya wati 9 hivi inatoa mwanga unaokaribiana na wa balbu ya waya ya wati 60. Ikiwa taa hiyo huwaka saa 5 kila jioni, tofauti yake inazidi yuniti 90 za umeme kwa mwaka, na hapo ni balbu moja tu. Mtu amepanda juu ya stuli, amebadilisha, ameshuka. Hakuna anayetakiwa kukumbuka kitu tena. Wenye balbu chache za kubadilisha waanze na ile inayowaka muda mrefu zaidi. Ya stoo inaweza kungoja mpaka iungue yenyewe.

Koki inayodondoka nayo ni ya fungu hilo. Tone moja kila sekunde linafika lita 20 na zaidi kwa siku, na mara nyingi chanzo ni kimpira kidogo ndani ya koki kilichochakaa. Choo ni mjanja zaidi kwa sababu huvuja kimyakimya. Tieni rangi ya chakula ndani ya tangi lake, msivute maji kwa nusu saa, kisha tazameni chini: rangi ikiwa imeshuka bila kuitwa, maji yanapotea mchana na usiku. Friji nayo haipumziki, kwa hiyo kagueni mpira wa mlango wake. Bana karatasi mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi inatoka pia. Sehemu ya chini ya friji inatosha kuwa na nyuzi 4 hivi, na ya kugandisha nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuizidishia baridi hakuongezi usalama wa maana, kunaongeza umeme.

Baada ya hapo ningeitaka familia itazame joto, maana hapo ndipo wengi tunapokosea mizani. Tunagombana juu ya chaja ya simu iliyoachwa ukutani, huku mtu akiwa bafuni dakika 20 chini ya maji ya moto. Tufanye hesabu. Bomba la mvua linalotoa lita 9 kwa dakika litatoa lita 90 kwa dakika 10. Kuyapandisha maji hayo joto kwa nyuzi 20 kunahitaji yuniti 2 na kidogo, hata kama hita haipotezi chochote. Chaja isiyo na simu, hata tukiihesabia nusu wati, ambayo kwa chaja nyingi za leo ni kuionea, haifiki yuniti 5 kwa mwaka mzima. Kwa maneno mengine, mwaka wa chaja hauwafikishi watu watatu kuoga kwa dakika 10 kila mmoja. Ichomoeni mkipenda, lakini msimpe mtoto karipio la bure kwa ajili yake.

Dakika chache zikikatwa bafuni hazimwongezei mtu kazi, zinampunguzia. Anayeoga kwa ndoo ya lita 20 ameshaokoa nyingi bila kuhubiriwa na yeyote. Nguo nazo, kwa mashine inayopasha maji, umeme mwingi huenda kwenye kupasha wala si kuzungusha. Nguo zisizo na uchafu mzito zinatakata kwa maji baridi. Kamba na jua viko tayari kukausha. Na nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kuipasha pasi upya kila asubuhi kwa ajili ya shati moja ni hasara ya umeme na ya asubuhi yenyewe.

Jikoni kuna jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyafanyi yawe ya moto zaidi. Katika sufuria ya kawaida, kwenye usawa wa bahari, yatabaki kwenye nyuzi 100 hata ukiwasha moto wa kuzimu. Kinachoongezeka ni mvuke. Na mvuke ni ghali: kuigeuza lita moja ya maji yote kuwa mvuke kunakula nishati karibu mara 7 ya ile iliyotumika kuichemsha kutoka nyuzi 20. Kwa hiyo funika sufuria, na ikianza kutokota punguza moto hadi itokote taratibu. Chakula kitaiva kwa muda ule ule. Ushauri huu unafaa kwa gesi, kwa umeme na kwa makaa, na hauna sharti la kununua chochote. Kunde na maharagwe yalale majini usiku kucha, yafanye kazi wakati watu wamelala. Mwenye sufuria ya presha anajua siri yake: ndani yake maji yanapanda hadi karibu nyuzi 120, ndiyo maana kigumu kinalainika upesi. Na chai ya watu wawili ichemshiwe maji ya watu wawili.

Wanaopikia kuni au mkaa wana sababu iliyo karibu zaidi na miili yao kuliko hali ya hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Familia inayoweza kuhamia kwenye nishati isiyo na moshi, hata kwa sehemu ya mapishi tu, iweke hilo mbele ya yote niliyoyasema hapa. Isiyoweza, ipike penye hewa ya kutosha, itumie kuni zilizokauka sawasawa, na mfuniko usiondoke juu ya sufuria.

Sasa chakula chenyewe. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, migahawa na majumbani, na asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Nyumbani kwetu, yaani, si kwenye hoteli za kifahari tunazopenda kuzinyoshea kidole. Upotevu wa chakula, tangu shambani hadi pipani, unakadiriwa kuchangia asilimia 8 hadi 10 ya gesi zote zinazoipasha dunia joto. Sehemu ya sababu ni kwamba chakula kilichotupwa kilikwisha kulimwa, kusafirishwa na pengine kupikwa. Sehemu nyingine ni methani: mabaki yaliyofukiwa dampo bila hewa huoza na kutoa gesi hiyo, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 kuliko kiasi sawa cha kaboni dayoksaidi.

Hapa ndipo juhudi ya familia inapolipa, na hapa pia ndipo mtu mmoja anapobebeshwa lawama zote. Anayepika hawezi kukisia sawasawa ikiwa hajui nani atakula nyumbani. Anayechelewa, anayekula nje, anayeleta wageni, aseme mapema. Ujumbe mmoja wa simu saa za mchana unaokoa chakula kingi kuliko pipa lolote la mboji. Tengeni rafu moja ya friji kwa vitu vinavyotakiwa kuliwa kwanza, iwe ya usawa wa macho, ili anayefungua mlango kutafuta kitafunwa akutane navyo kabla ya vingine. Kilichobaki kiingie humo mara kikipoa, kisikae nje zaidi ya saa mbili hivi. Na sahani ya mtoto ianze na kidogo. Akitaka ataongezwa.

Mboji? Ni nzuri sana, ila ina mwenyewe. Inataka mtu anayeipenda, wa kuchanganya maganda mabichi na majani makavu, kuipindua ipate hewa, na kuizuia isiwe hoteli ya panya, ndiyo maana nyama na mafuta havitiwi humo. Ikinuka, imelowa mno, iongezwe vikavu. Kama yupo mtu wa namna hiyo nyumbani, hata akiwa kijana wa miaka 12, mwacheni atawale. Kama hayupo, msimteue.

Kuhusu plastiki nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni jambo dogo, bali kwa kuwa sehemu kubwa yake haiko mikononi mwa familia. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilikadiria mwaka 2022 kwamba ni asilimia 9 tu ya taka za plastiki duniani zinazorejelezwa. Kwa hiyo kuosha vikopo kwa bidii ni sawa, lakini kisichoingia nyumbani hakihitaji kuoshwa. Ninachokitilia shaka ni ununuzi unaofanywa kwa jina la mazingira: seti mpya ya mitungi, mfuko mpya wa pamba, chupa mpya ya chuma wakati tatu zipo kabatini. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipiga hesabu mwaka 2011 ukaona kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko wa pamba si mbaya. Wa pili na wa tatu ndio mbaya. Tumieni mlivyo navyo mpaka viraruke, vikiwemo vya plastiki.

Limebaki suala la watoto. Nyumba nyingi huwafanya polisi: wanatumwa kuzima taa na kumkemea baba aliyeacha bomba wazi. Kwa siku mbili ni raha, kisha kila mtu anakereka. Wapeni kazi yenye matokeo wanayoweza kuyaona. Mmoja asome mita ya umeme siku ile ile na saa ile ile kila juma, mwingine ya maji ikiwa ipo, waandike namba kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Majuma mawili ya kwanza msibadilishe chochote, ili mpate kipimo cha kulinganishia. Kisha badilisheni jambo moja tu, mathalani dakika za kuoga, na mtazame namba. Mkibadilisha matano kwa pamoja hamtajua lipi limefanya kazi, na mtakuja kuendelea na lile lisilo na maana kwa sababu ndilo linalochosha zaidi.

Namba isiposhuka baada ya majuma mawili mengine, acheni jambo hilo bila kuona haya, mchague jingine. Na usiku mmoja, wakati hakuna tena anayetumia maji, mtoto anayesoma mita ya maji aandike namba yake kabla ya kulala, aisome tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua koki. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja.