Mshahara Nimdai Nani?

SWALI: Mhariri, nimeajiriwa kuwa fundi mitambo katika meli ya mizigo, lakini mkataba umetiwa saini na kampuni ya usimamizi, si mwenye meli. Mshahara ukichelewa, nimdai nani? (Baharia, Mombasa)

JIBU: Ndugu yetu, hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa wenye meli wengi ni wawekezaji ambao chumba cha injini hawajapata kukikanyaga, nao humwachia meneja, yaani kampuni ya usimamizi kama hiyo yako, kazi ya kuajiri mabaharia, kununua vipuri, kuipeleka meli chelezoni kwa matengenezo na kuhakikisha vyeti havijapitwa na wakati. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unamhesabu meneja aliyekubali majukumu hayo kuwa ndiye mwenye meli, na unataka mshahara ulipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Basi mdai huyo, kwa maandishi, ukianza na nahodha.

Ama usalama, kanuni ya kimataifa iliyoanza kuwa ya lazima mwaka 1998, baada ya kivuko cha Herald of Free Enterprise kupinduka huko Zeebrugge, Ubelgiji, mwaka 1987 na watu 193 kufa, inaitaka kampuni iwe na mtu maalumu nchi kavu anayewafikia wakubwa moja kwa moja. Jina na simu yake kwa kawaida hubandikwa melini. Zinakili kabla hamjang'oa nanga.