Mjukuu ameacha goli, babu amenuna

«Jambo sana, Mama. Mimi ni wa Katuba, hapa Lubumbashi. Kwetu ni nyumba ya makipa. Papa alidaka, kisha akafundisha watoto wa mtaa zaidi ya miaka 30. Glavu zake bado ziko kwenye msumari nyuma ya mlango. Yaya yangu, kaka mkubwa, alirithi goli lake. Hata mimi nilidaka kidogo, timu ya wasichana, kabla sijaolewa. Yaya alihamia Louisville, Marekani, na mwanawe wa miaka 12 tulijua ndiye anayefuata. Mwezi uliopita wametuma picha mbili. Moja mtoto amesimama chini ya gongo refu kuliko nyumba. Nyingine amevaa wavu usoni na glavu moja tu, ati anacheza besiboli! Papa akauliza, "Hii ni fimbo ya kuulia nyoka gani?" Akanirudishia simu, akatoka nje. Tangu siku ile hataki kusema nao, na yaya naye amekasirika, hapigi tena. Mama anataka nimwambie mtoto arudi kwenye mpira wa miguu. Nifanye nini?»
Dada wa kipa

Jambo, mwanangu.

Mtoto usimwambie kitu. Hilo nalimaliza hapa hapa. Amebadilishiwa nchi, shule na lugha, akapata timu inayomngoja uwanjani, halafu shangazi amtoe humo kwa ujumbe wa WhatsApp kutoka Katuba? Mama yako mpe salamu zangu na umwambie nimekataa.

Tuje kwa mzee. Lile gongo ni la chuma, urefu wake futi 120, kama mita 36, limeegemezwa kwenye jumba la makumbusho la watengeneza magongo pale Louisville. Wageni hupiga picha hapo kama sisi tunavyopiga harusini. Kosa la yaya ni kutanguliza gongo. Mtu aliyefundisha watoto wa wenzake miaka 30 amepata habari za mjukuu wake kwa picha, sawa na jirani, bila hata kuulizwa, "Papa, unaonaje?" Ningekuwa yeye, nami ningetoka nje.

Sasa fungua tena picha ya pili, uitazame vizuri. Wavu usoni, bila shaka na kinga kifuani, glavu nene ya mkono mmoja. Huyo kwenye besiboli ndiye mdakaji. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, na wenzake wanane wote uwanjani wanamtazama yeye. Yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja mzima mbele yake, kama kipa. Anampa mrushaji ishara kwa vidole, anavificha katikati ya mapaja ili adui asione. Mpira wenyewe unaenea kiganjani: ngozi nyeupe, mishono 108 ya uzi mwekundu, gramu 145 hivi, na unakuja kwa hasira. Ukidunda chini anapiga magoti na kuuzuia kwa kifua, maana ukimpita wapinzani wanakimbilia kituo cha mbele kutafuta pointi. Niambie, katika hayo lipi Papa hajawahi kulifanya?

(Mchezo wenyewe, nikiri, ulinishinda. Hauna saa. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu, nikainjika maharagwe, yakaiva, tukala na bukari, na zile zamu tisa za kila timu kupiga hazijaisha.)

Na huko nako kuna nyumba kama yenu. Ray Boone aliingia ligi kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 1948. Mwanawe Bob akaingia 1972, akawa mdakaji wa sifa. Mjukuu Bret alipoingia 1992, ikawa familia ya kwanza kutoa vizazi vitatu katika ligi hiyo, na mdogo wake Aaron akafuata 1997. Ukocha nao wakaurithishana: Bob aliongoza Kansas City, baadaye Cincinnati, Aaron akaanza kuiongoza Yankees ya New York 2018. Lakini angalia walikosimama uwanjani. Bob mdakaji alizaa wana wawili waliofika huko, mmoja akajulikana kama mlinzi wa kituo cha pili, mwingine cha tatu, si wadakaji. Kwenu mtoto amebadili mchezo mzima na bado amechuchumaa mahali pa babu yake.

Haya yote usimsomee Papa. Mzee aliyekua enzi za Kazadi, kipa wa Englebert (TP Mazembe ya leo) na wa taifa, hahitaji somo la wazungu wa Cincinnati. Mpe kazi. Mwombe yaya akutumie video fupi, na asichague nzuri. Achague ile ambayo mpira umemponyoka mtoto. Jumapili saa kumi na moja jioni, Papa akiwa kwenye kiti chake (huko kwao bado ni saa tano asubuhi), weka simu mbele yake na useme, "Papa, angalia miguu yake." Hapo unyamaze. Kocha akimwona mtoto anadaka huku uzito wote uko visiginoni, ulimi unamwasha. Atasema kitu, hata kama ni tusi. Akishasema tu, piga simu palepale, na yunite ziwe za kutosha.

Yaya mtayarishe mapema. Asianze na lawama za mwezi uliopita. Asalimie, kisha aulize: mpira unaokuja chini, wewe ulitufundishaje? Yeye alifundishwa na mzee huyohuyo, anajua jibu refu linalokuja. Avumilie.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nichague barua yako. Umetia sahihi "Dada wa kipa". Papa umemhesabu, yaya umemhesabu, mtoto aliye ng'ambo ya bahari ulikuwa umeshamwandika kwenye orodha. Wewe ulidaka "kidogo". Na wale watoto wa mtaani kwenu, sasa wanafundishwa na nani? Hukuandika. Zile glavu za kwenye msumari zijaribu mkononi kabla ya Jumapili, halafu uniambie kama zinakutosha.