Binti yetu hana makaratasi Marekani: je, chuo kitampokea?

SWALI: Ndugu Mshauri, naomba unijibu kabla kikao cha ukoo hakijakaa. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikwenda California na mama yake akiwa na umri wa miaka 12, kwa viza ya matembezi, na hawakurudi tena. Sasa ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anafaulu vizuri na anataka kusomea uuguzi. Wifi yangu anaogopa kumwandikisha chuo chochote kwa kuwa viza iliisha zamani. Hapa nyumbani wapo wanaosema arudi mara moja, wapo wanaotaka tumchangie ada, na kuna kijana anayejiita wakala ambaye anasema tukimpa dola 3,000 atamgeuzia viza iwe ya mwanafunzi akiwa huko huko. Kadi za mchango zimeshatengenezwa, zina picha yake, jina lake kamili na jina la shule anayosoma. Tufanye nini? Shangazi, Majengo, Moshi.

JIBU: Shangazi, pole kwa mzigo huu. Nianze na lisiloweza kusubiri: kadi hizo zisichapishwe, na kama zimeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ziondolewe leo. Najua zimetengenezwa kwa upendo, kama tunavyochangia harusi na misiba, lakini picha, jina kamili na jina la shule ya mtoto asiye na makaratasi si vitu vya kuzungushwa kwenye simu za watu mia. Anayestahili kuamua nani ajue hali yake ya uhamiaji ni yeye mwenyewe pamoja na mama yake.

Wakala naye msimpe hata senti. Mtu aliyepitiliza muda wa viza ya matembezi kwa miaka kadhaa kwa kawaida hawezi kubadilishiwa viza akiwa ndani ya Marekani, na kisheria wanaoruhusiwa kutoa ushauri wa uhamiaji huko ni mawakili na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Kijana aliyeko Moshi hayumo katika hao.

Sasa chuo. Hofu ya wifi yako naielewa, lakini hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayokikataza chuo kumpokea mwanafunzi asiye na makaratasi. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba watoto wa aina hiyo wana haki ya kusoma katika shule za umma, msingi hadi sekondari, na ndiyo maana binti yenu amefika alipo bila kuulizwa viza. Uamuzi huo haukugusa vyuo, kwa hiyo kuanzia hapo kila jimbo lina utaratibu wake, na yeye amebahatika kuwa katika jimbo ambalo limewafikiria wanafunzi kama yeye kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2001 sheria ya California inamruhusu aliyesoma sekondari ya jimbo hilo kwa angalau miaka 3 na kuhitimu alipe ada ya mkazi, iliyo ndogo kuliko ya mgeni, mradi atie saini hati ya kiapo kwamba ataomba kuhalalisha ukaaji wake mara tu atakapokuwa na sifa. Katika vyuo vya umma vya miaka miwili, vile wanavyoviita vyuo vya jamii, ada ya mkazi ni dola 46 kwa uniti moja, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, na mwanafunzi wa muda wote huchukua uniti 12 au zaidi kwa muhula. Wenye kipato kidogo huweza kusamehewa hata hiyo.

Misaada ya serikali kuu hataipata, wala asijaze fomu yake, ile inayoitwa FAFSA. California ina fomu yake iliyotokana na sheria za mwaka 2011, nayo hupelekwa kwa tume ya misaada ya wanafunzi ya jimbo. Tarehe ya mwisho kwa wanaokwenda vyuo vya miaka minne kwa kawaida ni tarehe 2 Machi, hivyo ajaze mapema.

Ninachotaka wifi yako akishike kuliko vyote ni hiki: vyuo vingi vya California vina ofisi mahususi kwa ajili ya wanafunzi wasio na makaratasi, na ofisi hiyo ndiyo ya kuiendea kwanza, kabla ya ndugu na kabla ya mtu yeyote anayeomba fedha. University of California, Berkeley, ilianzisha ya kwake mwaka 2012, na sheria ya jimbo ya mwaka 2019 ilivitaka vyuo vya jamii na vyuo vya mfumo wa California State University viwe, katika kila kampasi, na mtumishi anayewasaidia wanafunzi hawa. Huyo ndiye anayejua hati ya kiapo inapelekwa dirisha gani, fomu ya msaada inajazwaje pale inapoulizwa namba ya hifadhi ya jamii ambayo mtoto hana, na ni mfuko gani wa watu binafsi unaowapokea wasio na hadhi ya ukaaji. Huko pia wanafunzi huelekezwa kwenye stoo ya chakula ya chuo, vitabu vya kuazima, fedha za dharura pale kodi ya nyumba inapokwama, mshauri wa kisaikolojia, na mara nyingi wakili wa uhamiaji asiyetoza chochote. Huduma hiyo ya wakili naithamini kuliko ufadhili wa ada, kwa sababu familia nyingi hukaa miaka bila kujua kama mtoto wao ana njia ya kisheria, kumbe hawakuwahi kumuuliza mwenye ujuzi. Wakili huyo atataka kuona pasipoti ya zamani yenye mhuri wa uwanja wa ndege na rekodi ya kuingia nchini, kwa sababu sheria inamtofautisha aliyeingia kwa viza na kukaguliwa na aliyevuka mpaka bila ukaguzi. Pasipoti hiyo isitupwe hata kama imeisha muda.

Mama yake atauliza kama chuo kitampeleka kwa maofisa wa uhamiaji. Sheria ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, zisitolewe bila ridhaa yake isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama. Hata hivyo sitamdanganya: Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia kwa sehemu kubwa maofisa wa uhamiaji kufanya kazi yao shuleni na vyuoni, na ofisi ninazozitaja sasa huwafundisha wanafunzi haki zao wakikutana na ofisa. Jambo jingine ambalo mtoto alijue kwa moyo ni kwamba asijitaje kuwa raia wa Marekani mahali popote, si kwenye fomu ya kazi wala ya kujiandikisha kupiga kura, maana kosa hilo linaweza kumfungia njia zote za baadaye.

Kuhusu uuguzi, California haimnyimi mtu leseni ya taaluma kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Sheria hiyo ni ya mwaka 2014. Lakini leseni si kibali cha kazi. Anaweza kuhitimu na kupata leseni, kisha hospitali isiweze kumwajiri kihalali. Mpango wa DACA wa mwaka 2012, ambao huwapa vijana kibali cha kazi cha miaka miwili miwili, haumhusu, kwa kuwa ulitaka mtu awe ameingia nchini kabla ya tarehe 15 Juni 2007. Kwa hiyo aiulize idara ya uuguzi, kabla hajaanza, ni vitambulisho gani vinatakiwa katika mafunzo ya vitendo hospitalini.

Hapa ndipo hoja ya wanaosema arudi inapostahili kusikilizwa, kwa sababu ina saa yake. Sheria ya Marekani haihesabu siku za kukaa bila hadhi kabla ya mtu kufikisha miaka 18. Baada ya hapo hesabu inaanza: akipitisha siku 180 kisha akaondoka, anaweza kuzuiwa kuingia tena Marekani kwa miaka 3, akifikisha mwaka mmoja, kizuizi ni miaka 10. Kurudi kwake akiwa na miaka 18 na miezi mitatu ni tofauti kabisa na kurudi akiwa na 19. Simwambii arudi wala abaki, bali aonane na wakili kabla ya siku yake ya kuzaliwa, akiwa bado na nafasi ya kuchagua. Akichagua nyumbani, Baraza la Mitihani la Taifa hutoa ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nje, na uuguzi unafundishwa hapo hapo kwenu, KCMC.

Ninyi mlioko Moshi mna kazi pia. Tafuteni cheti chake cha kuzaliwa, na kama kimepotea, ombeni nakala RITA. Pasipoti mpya ataishughulikia kupitia ubalozi wetu Washington, lakini aulize wakili kabla ya kupanda ndege. Mchango usifutwe, ila upelekwe kimya kimya kwa mama yake: mtoto hataruhusiwa kufanya kazi, nauli na chakula havisamehewi.

SWALI: Mpwa wangu yuko Georgia katika hali kama hiyo. Je, naye ana haki hizo? Msomaji, Sakina, Arusha.

JIBU: Hapana, na ni vema ulijue mapema. Tangu mwaka 2011 baadhi ya vyuo vya umma vya Georgia, vikiwamo University of Georgia na Georgia Tech, haviruhusiwi kuwadahili wasio na hadhi halali, na kwingine katika mfumo huo hutozwa ada ya mgeni. Mambo hubadilika pia: Texas, jimbo la kwanza kuwapa ada ya mkazi mwaka 2001, liliacha Juni 2025 baada ya kushtakiwa na serikali kuu na mahakama kuizuia sheria yake. Mpwa wako aangalie vyuo binafsi, Freedom University ya Atlanta inayowafundisha vijana hawa bure, na mfuko wa TheDream.US, wenye ufadhili maalumu kwa walio katika majimbo yaliyowafungia milango. Asome kwanza sharti la tarehe ya kuingia Marekani, kwani wengi hukwama hapo.