Barua kwa mwanangu: Mbona kwangu hamwingii?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza kama uiache wodi, baada ya miaka miwili ya udaktari, uende ukasomee epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea kati ya watu, na unasema kinachokuzuia ni kwamba wodini unamwona aliyepona akiondoka kwa miguu yake, ilhali mtafiti wa afya ya jamii humaliza siku yake na makaratasi, asimjue hata mmoja kati ya aliowasaidia. Nimejaribu kukujibu tangu Jumapili, lakini kila ninapoanza kalamu inanipeleka kwa mtu ambaye wewe hukumtaja, naye ni yule ambaye hakuugua kabisa. Maneno haya mmeyasikia mezani mpaka mkayachoka, wewe na dada yako, nami nayarudia: nenda kwa wazima.

Wewe hufuatwa na wagonjwa. Mtaalamu wa epidemiolojia anapofika penye mlipuko, jambo la kwanza hukubaliana na wenzake nani ahesabiwe kuwa mgonjwa: mwenye dalili zipi, tangu tarehe gani, anayeishi wapi. Kisha huandika orodha, mstari mmoja kwa kila mtu: umri, nyumba, siku dalili zilipoanza, maji aliyokunywa, watu aliokula nao. Orodha ikijaa, huanza kusema, na mtu aliyechoka huiamini upesi.

Chukua mfano wa sigara. Mwaka 1950 watafiti wawili Waingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi wao juu ya saratani ya mapafu, walioufanya katika hospitali za London. Kati ya wanaume 649 wenye ugonjwa huo, wasiovuta sigara walikuwa 2 tu. Ukiishia hapo utadhani kazi imekwisha. Wao waliwahoji pia wanaume 649 waliolazwa kwa maradhi mengine, na huko wasiovuta walikuwa 27, yaani karibu kila mwanaume wa wakati ule alivuta, awe na saratani hiyo au asiwe nayo. Ilibidi ile 2 iwekwe kando ya 27, na zihesabiwe sigara ambazo kila mmoja alivuta kwa siku, ndipo ikaonekana kwamba wavutaji wakubwa wamezidi upande wa wenye saratani. (Najua utanisahihisha kwamba waliolazwa kwa maradhi mengine nao si wazima. Ninaposema wazima, nakusudia wasio na ugonjwa unaoutafuta.)

Hayo nilikuwa nimeyasoma na kuyafaulia mtihani kabla ya safari ile niliyorudi nikiwa siongei, ambayo ninyi mnaikumbuka kwa sababu nyingine. Kilikuwa kipindupindu. Tuliwahoji wagonjwa wote tuliowapata, na kila mmoja alikuwa amekunywa maji ya kisima kimoja. Nilichora ramani, nikatia nukta nyeusi kwenye kila nyumba yenye mgonjwa, na nukta zikakizunguka kisima kama nzi. Nikaandika taarifa, kisima kikafungwa, na kwa siku chache nililala vizuri.

Mgonjwa wa 31 katika orodha yangu alikuwa mtoto aliyeanza kuharisha siku ya sita baada ya kisima kufungwa. Baada yake wakaja wengine, nami nikarudi nyumba kwa nyumba na dodoso lile lile, nikiuliza ni nani aliyekwenda kisimani kwa siri. Hakuna aliyekwenda. Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, akaniita: “Mwanangu, hii ni mara ya tatu mnapita hapa. Mbona kwangu hamwingii?” Nikamjibu kwa adabu, tena nikiwa na haraka, kwamba kwake hakuna mgonjwa. Akasema, “Ndiyo maana nakuuliza.”

Niliingia. Alikuwa na wajukuu watano, nao wote walikuwa wamekunywa maji ya kisima kile kile tangu mwanzo. Maji yake yalikaa ndani ya chombo chenye mdomo mwembamba usiopitisha ngumi, na aliyetaka kunywa alikiinamisha akamimina. Katika nyumba nilizokuwa nimezitia nukta nyeusi, maji yalikaa kwenye ndoo wazi, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwenyewe kikombe kikitumbukizwa pamoja na vidole vya mtu aliyetoka kumsafisha mgonjwa. Nililiona hilo katika nyumba ya kwanza kabisa, na sikuliandika, kwa sababu dodoso halikuwa na nafasi yake. Tulipoanza kuzihoji nyumba zisizo na mgonjwa, tukiziweka sambamba na jirani zao, tofauti ilijitokeza kwa siku mbili. Kisima kiliwafikia wote. Ugonjwa ulikuwa ukihama kutoka mkono hadi ndoo, na ndoo hizo hakuna aliyezifunga.

Nimejitetea mara nyingi ninapokuwa peke yangu. Husema kwamba katika mlipuko hakuna anayengojea ushahidi ukamilike, na hilo ni kweli. John Snow, daktari aliyechunguza kipindupindu London, alipowashawishi wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu ya maji ya Broad Street mnamo Septemba 1854, hakuna aliyeweza kumwonyesha kimelea chenyewe, na mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua. Alifanya haraka, nami nilifanya haraka, basi kosa langu liko wapi? Lakini utetezi huo hausimami. Snow hakuishia kwa waliokufa. Alikwenda katika nyumba ya maskini iliyozungukwa na vifo pande zote, akakuta kwamba kati ya watu 535 waliokuwamo wamekufa 5 tu, na kwamba wana kisima chao wenyewe. Alikwenda kiwandani walikotengeneza bia, kwenye wafanyakazi zaidi ya 70, akaambiwa hakuna aliyekufa, na kwamba maji ya pampu ile hawayanywi. Yeye aliingia kwa bibi. Mimi nilipita mlango huo mara tatu.

Kwa hiyo kuhusu sura ya mtu uliyemsaidia, ni kweli, mwanangu, hutaiona. Mtoto ambaye hakuugua kwa sababu ndoo ilifunikwa hatakuja kukushukuru, kwani hata mama yake hajui kama kuna jambo lililoepukwa. Baba yako aliliona hilo kuwa huzuni ya kazi yangu. Mimi sikuliona hivyo, au labda niliona hivyo miaka ya mwanzo tu, maana nilichokihitaji mimi ni kuamini kwamba nimehesabu sawasawa.

Niende au nisiende, ndilo swali lako. Ninalo jibu, na kulishikilia kunaniwasha, lakini nikilitamka utakuwa umechagua kwa ajili yangu, kama ulivyochagua shule ile. Ukija mwezi ujao, nitalitoa daftari la safari ile kwenye sanduku la chuma. Ramani imo ndani, pamoja na duara tupu nilizoziongeza baadaye kwa kalamu nyekundu, moja kwa kila nyumba tuliyoipita. Zihesabu kwanza, halafu niulize tena.

Mama yako